Kijiko cha marehemu baba: mkono unashuka, oili imekuwa kama chai ya maziwa

*Swali: Mbukwa, fundi. Nina kijiko cha matairi alichoniachia marehemu baba, kina zaidi ya miaka 30. Nakitumia huku Bahi kuchimba malambo ya mifugo na misingi ya nyumba, na kupakia mchanga. Mkono wa nyuma nikiuinua na kuzima injini unashuka wenyewe mpaka chini. Asubuhi kina nguvu, ikifika saa sita mchana kinakuwa kizito, hata udongo laini kinaushindwa. Oili ya haidroliki imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Pini za mkono zimelegea na zinagonga. Fundi mmoja anasema nibadilishe sili za silinda zote. Mwingine anataka niweke oili nzito ya gia na kukaza valvu ya presha. Wa tatu anataka kujaza pini kwa kuchomelea. Ndugu zangu wao wanasema niuze chuma chakavu. Nina spana, jeki, mashine ya kuchomelea na mdogo wangu wa kunisaidia. Nina malambo mawili ya kumaliza kabla ya mvua. Hii mashine naweza kuitengeneza mwenyewe hapa nyumbani, au najidanganya?*

Mbukwa, ndugu yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Naona unataka kujua kama fedha utakayoiweka kwenye kijiko hicho itarudi au itazama. Hujidanganyi. Kazi nyingi ulizozitaja zinafanyika hapo uani kwako. Mashine za umri huo zilitengenezwa zifunguliwe na mtu mwenye spana na subira, wala hazina kompyuta ya kukukatalia. Tatizo ni kwamba mafundi wako wote watatu wametoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyeigusa dalili iliyo mbaya kuliko zote, yaani hiyo rangi ya oili.

Tuanzie hapo. Oili ya haidroliki iliyo nzima ukiitia kwenye chupa safi unaona mwanga upande wa pili. Ikiwa kama chai ya maziwa, ndani yake kuna maji yaliyovurugwa na pampu. Hakikisha hivi: weka kipande cha bati juu ya jiko la mkaa, likipata moto dondoshea tone moja la oili huku umesimama mbali kidogo. Oili kavu hutandaa na kutoa moshi kimyakimya. Yenye maji hulia na kurusha vitone, kama mafuta ya maandazi yaliyoingiwa na maji. Pampu haina grisi nyingine zaidi ya oili hiyo. Vyuma vyake vinateleza juu ya utando mwembamba sana wa oili, na maji yakiingia utando unakatika, chuma kinasugua chuma, na mashine ikilala wiki mbili bila kazi kutu inaanza ndani. Ukiweka sili mpya kwenye oili hiyo unavaa shati jipya bila kuoga.

Maji yameingilia wapi? Angalia mfuniko wa tangi la haidroliki na tundu lake la kupumulia. Kila silinda inapotoka, oili kwenye tangi inashuka na tangi linavuta hewa. Silinda zikirudi, linaisukuma nje. Linapumua mchana kutwa. Kwenye mashine nyingi za kale nimekuta filta ndogo ya tundu hilo imeondoka miaka mingi, pamezibwa kwa tambara au kipande cha nailoni. Hapo ndipo mvua inapoingia, na ndipo vumbi linapoingia kiangazi kizima. Kama huoni kasoro hapo, uliza nani anaiosha mashine na anaelekeza wapi mpira wa maji.

Zima mashine, iache itulie usiku mbili, kisha legeza boliti ya chini ya tangi utoe kile kilichojikusanya. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia. Kama oili iliyobaki bado ina maziwa, imwage yote, na kabla ya kuimwaga kunja silinda zote unazoweza, maana zimebeba oili nyingi ambayo itarudi kuchafua ile mpya. Badilisha filta na osha chujio la njia ya kuvutia lililo ndani ya tangi. Oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage kwenye korongo. Maji ya kwenu yanaishia kwenye majaruba ya mpunga na mbugani.

Sasa vumbi, maana hili ndilo ninalotaka ubaki nalo kuliko mengine yote. Watu wanadhani mashine inazeeka kwa miaka. Mashine ya kuchimba inazeeka kwa kula mchanga. Udongo wetu wa Dodoma umejaa chembechembe za kwatzi, jiwe ambalo ni gumu kuliko vyuma vingi vilivyomo ndani ya mashine yako. Waingereza walilipia somo hili Kongwa. Mwaka 1947 walileta matingatinga na matrekta yaliyobaki kwenye Vita Kuu ya Pili kuja kufyeka pori walime karanga. Mashine zilifika zikiwa zimechoka, udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na ule mchanga ukayala majembe yao. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Udongo huo ndio unaouchimba wewe.

Chembe kubwa unayoiona kwa macho haina hatari sana, kwa sababu filta inaikamata. Inayoua ni ile usiyoiona. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nafasi kati ya vyuma vya pampu au vya kontroli valvu ni ndogo mara kadhaa kuliko hapo. Chembe yenye ukubwa sawa na nafasi hiyo inaingia, inasugua, na inatoka na unga wa chuma ambao nao unakwenda kusugua kwingine. Niliwahi kuua pampu iliyotoka kutengenezwa kwa kuijazia oili kutoka dumu lililokaa wazi kando ya mashimo ya kokoto. Dumu lilionekana safi. Pampu haikumaliza mwezi, na tajiri wa mashine alilipa mara mbili kwa kosa langu. Tangu hapo oili mpya naimimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, asubuhi kabla upepo haujaamka, na mdomo wa tangi naufuta kabla ya kuufungua.

Tuje kwenye mkono unaoshuka. Fundi wa kwanza anaweza kuwa sahihi, ila hajui kama yuko sahihi. Oili inayoushikilia mkono juu ina njia mbili za kutorokea. Ya kwanza ni kupita kwenye sili ya pistoni ndani ya silinda. Ya pili ni kupita kwenye kontroli valvu, ile inayoendeshwa na leva zako. Ndani ya valvu kuna vyuma vya mviringo, spuli, vinavyoteleza kwenye matundu bila sili yoyote ya mpira. Vinaziba kwa kubanana tu, na vikiliwa na mchanga oili inapita. Nimeona watu wakinunua sili za silinda zote, wakitumia siku nne, na mkono ukashuka vilevile kwa sababu mlango uliokuwa wazi ni huu wa pili.

Kabla ya kununua chochote, pima. Inua mkono, zima injini, chora mstari wa chaki kwenye shafti ya silinda pale inapoingilia, na baada ya dakika 10 pima kwa rula umbali wa kutoka mstari mpaka mdomoni mwa silinda. Fanya hivyo asubuhi na tena saa saba mchana, uandike. Kisha tenganisha silinda na valvu. Ipeleke silinda kwenye mwisho wa mwendo wake. Kwa mkono wa nyuma mwisho huo mara nyingi ni pale mkono unapokuwa umekunjwa juu kama wakati wa kusafiri, kwa hiyo ufunge kwa kufuli yake ya safari na uweke magogo imara chini yake. Kama kufuli haipo au imeliwa, kipimo hiki usikifanye, mwite fundi. Zima injini, chezesha leva pande zote presha itoke, halafu legeza taratibu hosi ya upande ambao oili inarudi, yaani upande usiosukumwa. Iondoe, ziba mdomo wa hosi kwa plagi ya chuma, na chini ya tundu la silinda weka ndoo. Mdogo wako awashe injini kwa mwendo wa chini na avute leva kwa upole kuelekea mwisho uleule ambao silinda imeshafika, huku wewe umesimama pembeni. Yakidondoka matone machache kisha yakakoma, sili ni nzima na mgonjwa ni valvu. Oili ikitiririka bila kukoma, nunua sili, lakini za silinda hiyo tu.

Ukifungua silinda, angalia shafti kabla ya sili. Pitisha ukucha juu ya kromu, ile ngozi yake inayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye mchubuko, sili mpya itachanwa hapohapo. Kingo za mchubuko mdogo zilainishwe kwa jiwe laini la kunolea lililotiwa oili. Penye mashimo ya kutu shafti inahitaji kupelekwa kupakwa kromu upya au kubadilishwa. Na usirudishe silinda bila kuweka sili ya nje kabisa ya kufutia vumbi. Ni ya bei ndogo, watu huiruka, nayo ndiyo mlinzi wa zile za ndani.

Uzito wa saa sita mchana una maelezo yanayofanana. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, na nyepesi inapenya kwenye nyufa ambazo ile ya asubuhi ilishindwa kupenya. Kwa hiyo mahali fulani pameliwa: pampu, valvu, au vyote. Oili nzito ya gia inaonekana kusaidia kwa sababu inaziba nyufa kwa unene wake. Shida yake ni upande wa kuvuta. Pampu haiwezi kuivuta haraka, hasa asubuhi za Juni na Julai, inabaki na mapovu matupu ndani, nayo yakipasuka yanatoboa chuma. Utasikia mlio kama wa kokoto kwenye bati. Tumia oili ya haidroliki iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa joto letu, kama kitabu kinaruhusu, oili ya namba ya unene 68 badala ya 46 ni msaada halali. Na usijazie oili ya breki kwenye haidroliki kwa hali yoyote, inaharibu mipira ya sili.

Kukaza valvu ya presha ndicho kitu ninachokuomba sana usikifanye. Pampu inatoa mtiririko. Presha inatokana na kile kinachouzuia mtiririko huo, na valvu ile ipo ili ifunguke kabla chuma hakijapasuka. Ukiikaza, pampu iliyoliwa haiponi. Unaiondolea mashine mlango wa dharura, na siku oili ikiwa baridi na baketi imekwama kwenye mwamba, hosi inapasuka au mkono unachanika. Geji ya presha inayofika bar 400 na kiungo chake haifiki bei ya pampu hata kidogo. Mwombe fundi wa haidroliki aje nayo, apime asubuhi na apime mchana. Presha ikifika namba ya kitabu wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto, valvu haina kosa. Kabla ya hapo wewe mwenyewe safisha kipoza oili mbele ya rejeta, maana kikizibwa na vumbi na majani oili inachemka bila kosa la pampu.

Pini. Nimeelewa kwa nini fundi wako wa kuchomelea ametaja njia hiyo, ni ya haraka na vifaa unavyo. Ila pini imefanywa ngumu ngozi yake ya nje, na moto wa kuchomelea unaulegeza ugumu huo na kuacha mgongo wenye mawimbi unaokwangua bushi, lile bomba la chuma ambamo pini inakaa. Itatulia kwa wiki kadhaa, kisha itagonga zaidi. Njia ya kati ambayo mimi naikubali, na ambayo mafundi wengi wa bara wanaishi nayo, ni kukereza pini mpya kutoka ekseli ya lori iliyokatika. Ni chuma kizuri. Ulizia karakana za kukerezea mjini Dodoma, na waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, na chuo cha ufundi cha VETA. Nenda na pini na bushi vyote, si vipimo vya mdomo. Kama tundu lenyewe la mkono limekuwa na umbo la yai, bushi mpya haitasaidia mpaka tundu lichongwe upya kwa mashine ya kuchonga papo hapo, na hilo si la uani.

Baada ya hapo, grisi kila siku ya kazi, jioni wakati pini bado zina joto. Grisi mpya inaisukuma nje ile iliyojaa mchanga, na ukiona inatoka safi pembeni umefika. Nipo ya grisi, yaani chuchu ya kuingizia grisi, iliyoziba ibadilishe siku hiyohiyo. Hakuna matengenezo ya bei ndogo zaidi ya haya kwenye mashine nzima.

Kuhusu mashine yako ya kuchomelea: itumie kwenye meno ya baketi na kingo zake. Ufa kwenye mkono ni kazi nyingine. Unatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee, unachimbwa mpaka chini, unajazwa kwa fimbo za 7018 zilizokaushwa, si zile za kutengenezea mageti, na chuma kinapashwa moto kwanza. Kama hujawahi kuufanya, lipia mwenye uzoefu. Kila unapochomelea, ondoa nyaya za betri na bana waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea, la sivyo umeme utapita kwenye bearingi. Usichomelee rimu yenye tairi hata kama haina upepo. Tairi hupasuka na kuua.

Na hapa nataka uniitie mdogo wako asikilize. Haidroliki ya mashine hiyo inafika bar 200 na zaidi, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Hosi ikitoboka tundu la sindano, mvuke wake unapenya kwenye ngozi hata kupitia glovu. Kidonda kinaonekana kama cha mwiba, hakiumi sana, na mtu anaendelea na kazi. Ndani oili inaua nyama. Mtafute mvujo kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono. Ikitokea, msisubiri kesho na msikande kwa maji ya moto. Nendeni saa hiyohiyo hospitali yenye madaktari wa upasuaji, kama Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa pale Dodoma, na mseme wazi kwamba ni oili iliyoingia kwa presha, maana asiyejua atafunga plasta tu. Wala asipite mtu chini ya mkono au baketi iliyoinuliwa kwa oili. Wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba mkono wako unashuka.

Injini hukuilalamikia, kwa hiyo nitapita haraka. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa mapigo mazito, ringi na laina zimeliwa, na mara nyingi chanzo ni mpira uliopasuka kati ya ea klina na injini. Pitisha kidole ndani ya mpira huo; ukikuta vumbi, umempata mwizi. Usipigepige filta ya hewa kwenye tairi, karatasi inachanika. Usiweke maji ya kisima cha chumvi kwenye rejeta. Vuna ya mvua. Na kama themostati ilitolewa eti kupunguza joto, irudishe, kwa sababu kwenye injini nyingi kuitoa kunayafanya maji yazunguke bila kupita vizuri kwenye rejeta. Pampu ya dizeli na nozeli usizifungue nyumbani, zinahitaji meza ya kupimia.

Fedha sasa. Usianze na pampu. Anza na tundu la kupumulia, oili, filta na usafi, halafu pini, halafu silinda ambayo kipimo kimeitaja. Kila hatua inafaa hata kama baadaye utaamua kuuza, kwa sababu mnunuzi akikuta oili safi na mkono unaokaa juu anakulipa bei ya mashine, si bei ya kilo. Lakini kipimo kikionyesha kwamba pampu na kontroli valvu vimeliwa pamoja, na injini inatoa moshi kwenye mfuniko, na kuna nyufa kwenye chasisi, hapo ndugu zako wanasema kweli. Matatizo hayo manne kwa pamoja hayalipwi na malambo mawili. Matatu yakiwepo, fanya hesabu ya siku halisi ulizofanya kazi mwaka jana, si zile ulizotarajia.

Kwa kazi uliyoishika kabla ya mvua, kama vipimo vitachelewa, ningekodi kijiko cha mtu kwa lambo la kwanza na kutengeneza changu wakati huo. Faida itapungua, lakini hutakuwa umemwahidi mfugaji maji kwa mashine inayokunywa maji.

Niandikie vipimo vya chaki, vya asubuhi na vya mchana, na uniambie ndoo ilipokea matone au mtiririko. Nikishavipata nitakuambia ni sili zipi za kununua, au kama hakuna hata moja ya kununua.